Hesabu za fosi na mwendo zinagoma? Tafuta dalili yako hapa

Nafundisha tuisheni ya fizikia jioni hapa mjini Unguja, watoto wa fomu wani mpaka fomu foo, na nshafika pahala nikisikia mtu anagonga meza kwa hasira najua tatizo lake ni lipi kabla sijatazama daftari. Wengi hawakosei hesabu. Kuzidisha wanajua, kugawa wanajua, kalkuleta wanayo. Wanakosea kabla ya hesabu, pale swali linaposomwa nusu na fomula inachomolewa mbio mbio kama mtu anayekimbilia dala dala la mwisho la Bububu, na kitu chenyewe kinachosukumwa au kinachoanguka hakijachorwa popote. Halafu tuna maneno yetu ya nyumbani, uzito na nguvu, haya yanatuponza kuliko tunavyodhani, ntayafikia.

Nimepanga kama fundi wa vespa anavyofanya. Kwanza unasikiliza inalia vipi, halafu unaanza na sababu ya kila siku, ile ya nadra mwisho, mana hakuna fundi mwenye akili anayefungua injini wakati hajatazama petroli kama imo. Graviti ntatumia 10 ili hesabu ziwe nyepesi, mtihani wako ukikwambia 9.8 tumia 9.8.

Petroli imo? (fanya hii kabla ya dalili yoyote)

Chagua kitu kimoja tu kwenye swali. Kizungushie duara kwa penseli. Jiulize nani anakigusa kitu hichi, kamba, sakafu, mkono, maji, upepo, na kila anayekigusa mpe mshale mmoja. Halafu ardhi nayo inapata mshale wake wa kuvuta chini, kwenye hesabu hizi yeye peke yake ndo anaruhusiwa kuvuta bila kugusa. Basi, hakuna mshale mwengine. Kama una mshale na huwezi kunitajia nani anausukuma, ufute sasaivi.

Nusu ya wanaonifata na swali limegoma, nikiwaambia wachore hivi tu, wanamaliza wenyewe na mie sijasema kitu. Najua inaonekana kitoto, hasa ukiwa fomu foo, lakini mie mwenyewe mpaka leo nachora.

Dalili: jibu lako ni kubwa mara kumi, au dogo mara kumi, kuliko la kitabu

Hii ndo namba moja, kila wiki lazima nikutane nayo.

Sababu ya kwanza ni neno uzito. Sokoni Darajani ukiuliza uzito wa samaki unajibiwa kilo tatu, na hakuna ubaya, sokoni ndo lugha yake. Lakini kwenye fizikia kilo ni masi, vitabu vya Kiswahili vinaiita tungamo, yaani kiasi cha kitu chenyewe kilivyo kigumu kukianzisha au kukisimamisha. Uzito ni fosi, ni ardhi inavyokivuta kitu hicho, na fosi inapimwa kwa nyutoni. Gunia la karafuu la kilo 50 lina uzito wa nyutoni 500. Lipeleke mwezini, ambako graviti ni kama 1.6, kilo zitabaki 50 zile zile lakini uzito utakuwa nyutoni 80.

Ukitaka likae kichwani kabisa fikiria mizani mbili. Ile ya mawe, huku jiwe huku samaki, ukiipeleka mwezini itakupa kilo zile zile mana jiwe nalo limepungukiwa sawa sawa na samaki. Ile ya kuning'iniza yenye springi itakudanganya, itasema samaki kapungua mara sita, kwa sababu springi haijui masi, inajua kuvutwa tu.

Sasa tazama inavyoharibu hesabu. Swali: gunia la kilo 50 linavutwa juu kwa kamba kwa fosi ya nyutoni 600, tafuta mchapuko (akselaresheni, yaani spidi inavyobadilika kila sekunde). Mtu anaandika 600 gawa kwa 50, anapata 12, anafunga daftari. Kasahau ardhi nayo inavuta! Chora mishale: kamba 600 juu, ardhi 500 chini, inayobaki ni 100 tu, gawa kwa 50, jibu ni 2. Mwengine anafanya kinyume, anatoa kilo kwenye nyutoni, 600 toa 50, anapata 550. Huyo ni kama anatoa vibaba kwenye mita.

Sababu ya pili, umezidisha kwa 10 mara mbili. Swali limeshakwambia uzito ni nyutoni 200, wewe kwa mazoea ukazidisha tena ikawa 2000. Cheki: namba uliyopewa ina kilo au ina nyutoni mbele yake? Ikiwa nyutoni, ya kuvuta chini ni hiyo hiyo, na ukitaka masi unagawa.

Sababu ya tatu ni gramu. Hapa jibu halikosei mara kumi, linakosea mara elfu, kwa hiyo dalili yake inajulikana upesi. Gramu 250 ni kilo 0.25, geuza kabla hujagusa fomula.

Dalili: spidi za ajabu, gari linasimama kama limegonga ukuta

Mtoto mmoja aliniletea jibu dala dala kafunga breki kwa mchapuko wa 18, kutoa. Nikamwambia huyo dereva kauwa watu wote, hiyo inakaribia mara mbili ya graviti.

Karibu kila mara ni kilomita kwa saa zimeingia kwenye fomula bila kugeuzwa. Gari lilikuwa na 54 kwa saa, likasimama kwa sekunde 3, yeye kagawa 54 kwa 3. Gawa kwanza 54 kwa 3.6, unapata mita 15 kwa sekunde, halafu 15 kwa sekunde 3 ni 5. Breki kali, lakini watu wazima. Tatu za kuweka kichwani ni 36 ni 10, 54 ni 15, 72 ni 20, nyengine utazikisia. Na ukitaka kujua kama jibu lina akili, mkumbuke mkimbiaji Usain Bolt, Berlin mwaka 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58, hiyo ni kama mita 10.4 kwa sekunde kwa wastani. Kwa hiyo ukipata mtu anatembea kwa 15 kwa sekunde, jua huyo kamshinda Bolt huku kabeba kikapu.

Sababu ya pili ni saa na dakika. Saa moja na dakika 45 si 1.45, ni 1.75. Wala usinambie hufanyi hivo, kila mtu kashafanya. Gawa dakika kwa 60.

Maswali ya vyombo vya baharini nayo yana lake. Manahodha wanahesabu maili za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1852, si ile ya nchi kavu ya mita 1609. Swali likisema chombo kinakwenda maili 20 za baharini kwa saa, zidisha kwa 1852 halafu gawa kwa 3600, utapata kama mita 10.3 kwa sekunde.

Dalili: kalkuleta inaandika Math ERROR, au muda umekuja na alama ya kutoa

Hii naipenda, mana hapa kalkuleta inakuwa imesema kweli na sisi ndo tunaitukana.

Swali: umesimama juu ya dari ya nyumba, mita 20 kutoka chini, ukarusha mpira juu moja kwa moja kwa mita 15 kwa sekunde. Utagusa ardhi baada ya muda gani? Mtu anachukua fomula, s sawa na ut kutoa nusu ya gt mara t (s ni umbali kutoka ulipoanzia, u spidi ya mwanzo, t muda, g graviti), anaweka s ni 20, u ni 15, inakuja t mara t kutoa 3t jumlisha 4 ni sifuri. Anaingiza kwenye kalkuleta, Math ERROR. Anafuta, anaingiza tena, Math ERROR. Anaazima ya mwenzake.

Kalkuleta zote zima. Wewe umeiuliza: mpira utafika lini mita 20 JUU ya dari? Na mpira wa spidi hiyo unapanda mita 11.25 tu halafu unarudi (15 mara 15, gawa kwa 20). Kwa hiyo jawabu la kweli ni kwamba haufiki kamwe, na kalkuleta ndo inavyokwambia kwa lugha yake. Ardhi iko chini ya dari, kwa hiyo s ni kutoa 20. Sasa inakuwa t mara t kutoa 3t kutoa 4 ni sifuri, unapata t ni 4 au kutoa 1. Sekunde 4. Ile ya kutoa 1 ni muda kabla hujarusha, itupe.

Kwa hiyo cheki ni hii, kabla ya namba yoyote chora mshale mmoja pembeni na andika juu ni chanya, au chini ni chanya, chagua unachotaka mie sijali, lakini ukishachagua usigeuze katikati ya swali. Wengi wanaanza juu chanya, wakifika graviti wanasahau, wanaiweka chanya pia, na ndo pale mpira uliorushwa juu unazidi kuongeza spidi mpaka unapotelea mbinguni.

Nazi inayoanguka tu, haikurushwa, haina shida hiyo, weka chini chanya na umalize. Mnazi wa mita 20: sekunde 2 na inafika chini kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Ndo mana wazee wanatukataza kulala chini ya minazi.

Dalili: una mshale wa ziada na hujui umetoka wapi

Hapa nikae kidogo, mana hili si kosa la uvivu, ni kosa la kufikiri, na limewapata watu wakubwa kabla yetu.

Mwambie mwanafunzi achore fosi zilizopo kwenye jiwe lililorushwa, liko hewani, limeshatoka mkononi. Atachora graviti chini, vizuri. Halafu atachora mshale mwengine mbele, upande jiwe linakokwenda. Ukimuuliza huu nani anausukuma? Anajibu, "Maalim, si nguvu niliyoirushia." Iko wapi sasa? "Imo ndani ya jiwe."

Tatizo ni Kiswahili chetu, neno nguvu tumelipa kazi nyingi. Mtu mwenye misuli ana nguvu, dawa ina nguvu, umeme una nguvu, gari linalokuja kwa kasi lina nguvu. Ndo mana vitabu vya Kiswahili vikaleta neno kani, na sisi darasani tunasema fosi, ili tutenge kitu kimoja tu: kusukuma au kuvuta kunakofanywa na kitu kimoja kwa kitu chengine, sasaivi. Fosi haiwekwi akiba. Mkono ukishaachia jiwe, fosi ya mkono imekwisha. Kilichobaki kwenye jiwe ni mwendo.

Na wala usione haya, Ibn Sina mwenyewe, yule mwanafalsafa na tabibu aliyefariki 1037, alisema mrushaji anakipa kitu mwelekeo fulani unaobaki ndani yake, akauita mayl, na akasema kama hakuna cha kukizuia hautoisha. Alikuwa karibu sana. Newton, mwanasayansi wa Kiingereza, alipochapisha kitabu chake 1687 alimalizia kwa kusema kitu hakihitaji chochote cha kukiendeleza, kinahitaji fosi kikibadilisha mwendo tu.

Hamuamini kwa sababu kila kitu tunachokijua kinasimama. Ngalawa ukishusha tanga inasimama, baiskeli usipopiga pedeli inasimama. Ndio, lakini inasimamishwa! Maji yanaizuia ngalawa, upepo na barabara vinaizuia baiskeli, mishale ya nyuma hiyo ipo na ina mwenyewe. Panda zile gari za shamba za mabenchi ya pembeni, dereva akipiga breki ghafla benchi zima linateleza kuelekea mbele mpaka aliyekaa mwisho kabisa anabanwa na kapu la mtu. Nani kawasukuma? Hakuna. Gari ndo limesimama, wao walikuwa wanaendelea na safari yao.

Cheki basi: kila mshale uwe na jina la anayesukuma. Ikiwa jina ni "mwendo" au "spidi" au "nguvu ya mwanzo", futa.

Sababu ya pili ya mshale wa ziada ni sheria ya tatu ya Newton, ile ya kila fosi ina mwenzake sawa na kinyume. Swali la punda. Punda anavuta gari kwa nyutoni 300, gari nalo linamvuta punda nyuma kwa 300. Sasa mtu mjanja anakaa nyuma ya darasa ananyoosha mkono, maalim kama zinakatana mbona gari linakwenda? Na darasa zima linacheka kama kanishinda.

Hazikatani kwa sababu haziko kwenye kitu kimoja. Ile 300 ya mbele imo kwenye gari, ile 300 ya nyuma imo kwenye punda. Deni langu na deni lako hayafutani kwa sababu tu ni sawa sawa, yana wenyewe tofauti. Rudi kwenye duara la penseli. Zungushia gari peke yake: punda anavuta mbele 300, msuguano wa magurudumu tuseme 100 nyuma, inabaki 200, gari na mzigo kilo 200, mchapuko 1. Basi umemaliza gari. Sasa zungushia punda: gari linamvuta nyuma 300, na mbele anasukumwa na nani? Na barabara! Yeye anaisukuma barabara nyuma kwa kwato, barabara inamsukuma mbele. Punda wa kilo 150 naye akiwa na mchapuko 1 anahitaji zibaki 150, kwa hiyo barabara inamsukuma 450. Hakikisha kwa kuzungushia wote wawili pamoja: 450 mbele, 100 nyuma, inabaki 350, kilo zote 350, mchapuko 1. Zimekubaliana. Na ndo mana punda huyo huyo kwenye tope anahangaika, misuli anayo, ila barabara haimsukumi tena.

Sababu ya nadra: umeandika "ma" (masi mara mchapuko) kama mshale wa fosi. Hiyo ma si fosi ya ziada, hiyo ni jumla ya mishale yote iliyobaki, inakaa upande wa pili wa alama ya sawa sawa.

Dalili: boksi unalisukuma mbele, hesabu inasema linarudi nyuma kwako

Kilo 10 sakafuni, kizuio cha msuguano 0.4 (namba unayoizidisha na fosi ya sakafu inayosukuma juu), unasukuma kwa nyutoni 30. Mtu anahesabu msuguano 0.4 mara 100 ni 40, halafu 30 toa 40, gawa kwa 10, mchapuko ni kutoa 1. Yaani ukisukuma kabati linakufukuza. Jini hilo si kabati.

Ile 40 ni kiwango cha juu kabisa ambacho sakafu inaweza kuzuia, haina maana inatumia yote. Ukisukuma 30 inazuia 30, ukisukuma 5 inazuia 5, ukiacha haifanyi kitu. Kwa hiyo kwanza linganisha: unachosukuma kimevuka kiwango? Hakijavuka, boksi halijaenda, mchapuko sifuri, msuguano ni 30. Sukuma 50, sasa kimevuka, 50 toa 40 gawa kwa 10, mchapuko 1.

Likiwa boksi linavutwa kwa kamba iliyoinuka juu kidogo, kumbuka kamba imelipunguzia sakafu mzigo, kwa hiyo sakafu haisukumi juu mg (masi mara graviti, yaani uzito) nzima na msuguano nao unapungua. Na swali likisema sakafu ni laini, futa msuguano wote, usijitungie.

Dalili: mteremko umekushinda, saini na kosaini zinabadilishana

Ubao wa kupakilia mzigo umeinuka digrii 30, mzigo kilo 20. Fosi ya kuuteremsha ni 200 mara saini ya 30, yaani 100. Ubao unausukuma kwa 200 mara kosaini ya 30, kama 173. Wanaozigeuza ni wengi, na kukariri hakusaidii mana siku ya mtihani kinachokaririwa ndo cha kwanza kukimbia. Fanya hivi: ulaze ubao chini kabisa kichwani mwako, digrii sifuri. Mzigo utateleza? Hautoteleza. Kipi kinakuwa sifuri kwenye sifuri, saini au kosaini? Saini. Basi ya kuteleza ni saini. Sekunde tano na hujakariri kitu. Ukipata jibu la ajabu hata hivo, tazama kalkuleta isije ikawa iko kwenye rediani (kipimo chengine cha pembe, si digrii), ukiandika saini ya 30 isipokuja 0.5 ndo hapo.

Dalili: kamba, ndoo, kapi, na ile mashuhuri ya lifti

Kosa kubwa ni kuandika tensheni ya kamba (fosi kamba inayovutia) ni mg kila pahala. Ni mg ikiwa kitu kimetulia au kinakwenda kwa spidi ile ile, ndoo ya kilo 12 ukiivuta kisimani taratibu bila kuongeza spidi kamba ina 120. Ukiivuta kwa kuchapuka 0.5 inakuwa 126.

Ndoo mbili kwenye kapi moja, kilo 3 na kilo 2: zinazogombana ni 30 na 20, inabaki 10, lakini zinazokwenda ni kilo zote 5, mchapuko ni 2. Wengi wanagawa kwa 3 tu. Tensheni ni 24. Cheki yake nzuri sana: lazima ikae katikati ya 20 na 30, mana ingekuwa 30 ile nzito isingeshuka, na ingekuwa 20 ile nyepesi isingepanda. Ukipata nje ya hapo usiendelee, rudi.

Lifti. Watoto wengi wanaohesabu lifti hawajapanda lifti, kwa hiyo mie nawapeleka Pemba kwa boti. Chombo kikishapita Nungwi na bahari ikawa na mawimbi, simama usishike kitu. Wimbi likianza kukubeba unahisi miguu mizito, likikuacha unahisi tumbo limebaki juu, na ndo pale watu wanaanza kuulizia mifuko. Mtu wa kilo 60: sakafu ikimchapua juu kwa 2 inamsukuma 720, ikimchapua chini kwa 2 inamsukuma 480. Mtego uliopo ni kwamba si kupanda kunakokufanya mzito, ni kuchapuka juu. Karibu na kilele cha wimbi bado unapanda lakini unapunguza mwendo, na hapo tayari ushakuwa mwepesi. Kwa hiyo swali likisema lifti inapanda huku inapunguza spidi, mchapuko unaelekea chini. Ngoja lisomwe mara mbili hili.

Dalili: fomula tatu za mwendo, hujui uchukue ipi

Andika s (umbali), u (spidi ya mwanzo), v (spidi ya mwisho), a (mchapuko), t (muda), weka ulizopewa, weka alama ya kuuliza kwenye unayoitafuta. Moja itabaki haina kazi, tafuta fomula isiyokuwa nayo. Kitu kimeanza kikiwa kimetulia, u ni sifuri, imefichwa kwenye maneno hiyo. Na usitumie spidi mara muda kwa kitu kinachochapuka, gari lililoanza kutoka sifuri mpaka 20 kwa sekunde 10 halikwenda mita 200, limekwenda 100, mana wastani wake ni 10.

Simama hapa: mchapuko wenyewe ukiwa unabadilika badilika, fomula hizi zote tatu hazifanyi kazi, hata ukizibembeleza. Chora grafu ya velositi (spidi pamoja na upande inakoelekea) na muda, hesabu eneo la chini yake. Kama hujafundishwa hilo, msubiri maalim wako wa skuli, usijitungie fomula ya nne.

Wapi pa kuacha na kumtafuta mtu

Kama picha yako iko sawa, mishale yote ina majina, na bado huwezi kuitoa a upande mmoja wa alama ya sawa sawa, tatizo si fizikia. Mwone maalim wa hesabu, wiki mbili za aljebra zitakusaidia kuliko miezi sita ya tuisheni yangu, na nasema hivi huku ninakula kwa tuisheni.

Kujaribu kwa vitendo ni jambo zuri lakini jaribu kwa mpira, ubao na mizani ya jikoni. Usijaribu breki za vespa barabarani ili upate takwimu, usining'inie kapi la kisima, na usirushe kitu kutoka darini wakati watu wanapita uchochoroni, sekunde 2 zile za nazi zinatosha kuuwa. Vitu hivyo fanya na mwalimu maabara.

Jibu lako likipishana na la kitabu kidogo tu, kama 2 kwa mia, usilie, wao wametumia 9.8 na wewe 10. Likipishana zaidi, fanya upya bila kutazama ulichofanya mwanzo. Ukilirudia mara tatu na kila mara unapata lile lile, uwezekano wa kitabu kukosea upo, nshakuta majibu ya nyuma ya kitabu yaliyochapwa vibaya, lakini pia uwezekano upo kwamba unarudia kosa lile lile kwa uaminifu. Hapo nenda kwa maalim, na ukienda usimpelekee jibu, mpelekee picha yenye mishale.